Gunia Halijui Linakokwenda

Iko siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu Nasimiyu, na jana uliponipigia simu kutoka chuoni Kibabii ilinirudia yote, hadi nikashindwa kukaa kitini. Mtoto anasema amefeli fizikia, hataki kurudia mtihani wa Jumatatu, anafunga virago arudi Kitale, na baba mtu anacheka peke yake sebuleni! Mama yako alidhani nimerukwa na akili. Lakini sikukucheka wewe. Nilifurahi kwa sababu nami nilisema maneno kama yako nikiwa kidato cha tatu.

Ulisema, "Baba, si kila kitu kinafuata sheria za maumbile, hata hii ubongo yangu? Kama nitapita ama nitafeli, ilishaamuliwa kitambo. Sasa najisumbua ya nini?"

Sikiliza basi. Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya mji wa Kitale, na wazazi wengi walilipa karo kwa mahindi. Kwa hiyo tulikuwa na stoo iliyojaa magunia, na mizani ya kuyapimia ikining'inia kwenye boriti. Fizikia tulifundishwa na Mwalimu Nekesa, mama mfupi wa kutoka Bungoma, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Siku hiyo alitufundisha kwamba hakuna kinachobadili mwendo bila kusukumwa au kuvutwa. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia basi hata sisi tunasukumwa tu, na aliyefeli asilaumiwe. Nilikuwa nimefeli, bila shaka. Tabia hiyo ya kubishana baada ya kufeli hukuiokota njiani.

 Mwalimu Nekesa alipiga meza na kusema, "Twendeni stoo!"

Aliteremsha mizani, akaamuru gunia zima la mahindi lifungwe kwa kamba kwenye boriti ile. Mimi nilisimamishwa kichwa kikigusa ukuta. Wenzangu wakalivuta gunia hadi likanigusa pua.

"Likiachiliwa bila kusukumwa," alisema, "litaenda na litarudi, lakini haliwezi kupita pale lilianzia. Hiyo ni sheria. Wewe simama tu, bana. Usisongee mbele."

Wakaliachilia. Lilikwenda taratibu hadi upande wa pili, kisha likageuka. Mwanangu, gunia la mahindi likikujia usoni ni kama ndama aliyekata kamba! Nilijikuta nimelala juu ya magunia mengine, sijui nimefikaje. Nalo lilisimama kidogo tu kabla ya pale pua yangu ilipokuwa, likarudi zake.

Darasa zima lilicheka. Mimi nikainuka nikijipangusa vumbi, nimefurahi kwamba nimeshinda mjadala. "Umeona, mwalimu? Si mimi niliamua. Mwili umeruka wenyewe. Ni sheria!"

"Kweli kabisa!" alisema huku akipiga makofi. "Sheria imekurusha. Sasa umejua gunia linasimama wapi, ama hujajua?"

"Nimejua."

"Basi rudi ukutani."

Hakuna aliyecheka tena. Niliogopa, sikufichi. Mara hii gunia lilipogeuka, kila kitu mwilini mwangu kilitaka kuruka, nami nikawa najiambia, litasimama, litasimama. Upepo wake ulinipiga usoni na vumbi la mahindi likaniingia puani. Sikusogea! Nilipiga kelele za furaha, na Mwalimu Nekesa akaruka juu kuliko mimi.

"Gunia ni ile ile, kamba ni ile ile, sheria ni zile zile," alisema akihema. "Nini imebadilika, Wafula?"

"Ni mimi."

"Ni wewe na kile unajua. Gunia halijui linakokwenda. Wewe unajua, na kujua kwako pia kunasukuma. Ati huko kujua utakuacha nje ya hesabu kwa nini?"

Nikamuuliza kama huo ndio uhuru, au ni kamba tu iliyo ndefu zaidi. Alicheka sana. Alisema hajui, na nikijua nimtafute nimwambie. Bado sijajua, mwanangu. Nimeuza mahindi hadi nimeota mvi, na kila nikiona gunia linaning'inia dukani swali lile hunisisimua upya.

Kwa hiyo nakushauri hivi. Sheria za maumbile usizikatae, ni za kweli, na ndizo zinazofanya kusoma kwako kusiende bure. Mara ya kwanza uliruka, kama mimi. Usijitese kwa hilo. Lakini sasa unajua maswali yapi yalikuangusha, na anayejua si yule aliyekuwa hajui. Na kama kweli matokeo yalishaamuliwa, hayawezi kufika Jumatatu kwa kukuruka wewe. Lazima yapitie kichwani mwako na mkononi mwako, basi vipe kichwa na mkono kazi.

Gari la Kitale usipande sasa. Ukimaliza mtihani, njoo. Nimeshafunga gunia kwenye boriti ya duka, na mama yako amenuna kwa sababu hapati pa kupita. Tutabishana hadi chai ipoe.

Mungu aliyeziweka sheria hizo akupe miguu ya kusimama na macho ya kuona linalokujia, na akujalie kicheko ukiangushwa. Rudi ukutani, mwanangu.