Mashati Yaliyogeuzwa Ukutani

Dobi huyu mtaa mzima ulimwita Bwana Pasi, na jina lilimkaa. Suruali iliyopita mikononi mwake ilitoka na mkunjo wa kukatia nyanya. Alikuwa mcheshi, mbishi wa mpira, mtu wa kuwahi kazini. Jambo moja tu hakulizungumzia kamwe: mwaka ule mashati yalipoanza kumtazama.

Yalianza taratibu. Alikuwa ananyoosha shati jeupe la mteja, akaona vifungo vyake vimepangika kwa ajili yake. Havikusema kitu, ila alijua vina maana, kama mtu anavyojua ameitwa. Kesho yake ikawa kola. Kisha mvuke wa pasi, kikohozi cha jirani, taa ya dukani kuzimika, vyote vikamhusu yeye. Mwishowe mashati yakapata sauti. Akawa anayatundika yote yakitazama ukuta, ndipo apate kupumua.

Mkewe hakumcheka wala hakubishana naye. "Mimi siyaoni hayo macho, mume wangu," alimwambia, "ila naona unavyoteseka. Twende hospitali."

"Yaliniambia utasema hivyo," akajibu.

Mkewe akavuta kigoda, akakaa naye mpaka akakubali.

Muuguzi mmoja, mama mwenye utani mwingi, ndiye aliyemfumbulia. Ubongoni mwa kila mtu, alisema, kuna kemikali iitwayo dopamini, na mojawapo ya kazi zake ni kukugusa bega: tazama hapa, hili ni muhimu. "Sasa yako, bwana, imezidi. Inakugusa bega hata kwa kifungo! Na ubongo ukishaguswa lazima utafute sababu. Ukiikosa, unaitunga." Dawa ingeupunguza mguso huo. Ugonjwa wenyewe una mengi yasiyojulikana bado, akaongeza, na wakati mwingine hutembea ndani ya ukoo.

Dawa ikafanya kazi, vifungo vikarudi kuwa vifungo. Mwanzoni mikono ilimtetemeka mpaka dozi ikapunguzwa. Dunia nayo ilipoa kidogo, hata bao la timu yake halikumrusha tena kitini. Alivumilia. Binti yao alikuwa bado ananyonya, na wazazi wakaapa kwamba hatajua. Vidonge vikafichwa ndani ya kopo la wanga wa kukazia kola. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, lakini nani huwasikiliza wahenga akiwa ameshikwa na aibu?

Binti akakua, akaingia chuo, akarudi likizo kumsaidia baba yake dukani. Safari hii alikuwa mkimya, chakula anakigusagusa tu. Wazazi wakakonyezana: huyu kapenda. Afadhali ingekuwa hivyo.

Alasiri moja Bwana Pasi alirudi kutoka kuwapelekea wateja nguo zao. Dukani hapakuwa na sauti, hata ya pasi. Mashati yote yalikuwa yametundikwa yakitazama ukuta.

Kwanza alidhani ni yeye, kwamba ugonjwa umemrudia na mikono yake ndiyo iliyoyageuza. Kisha akamwona binti yake nyuma ya meza, amejikunyata.

"Nani kayageuza?"

"Mimi, baba. Yananiangalia sana."

Hakuna aliyewahi kumsimulia. Bwana Pasi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa katika ugonjwa wake mwenyewe. Angeweza kucheka, angeweza kumwambia aache utani, na siri yake ikabaki salama kwenye kopo.

"Mimi siyaoni hayo macho, mwanangu," akasema polepole. "Lakini zamani niliyaona. Dawa yangu iko ndani ya kopo lile la wanga. Twende hospitali sote."

Binti alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto.

"Yaliniambia utasema hivyo," akasema. "Hata la kopo yaliniambia."

Hakubishana naye. Alivuta kigoda kilekile cha mkewe, akaketi kando ya binti yake mbele ya migongo ile yote, akaanza kungoja.