Kugonga Buti Kabla ya Kusukuma

Mwezi uliopita mvua ilinikamata mtaani Bwaise, na gari langu likazama matopeni mbele ya duka la matairi. Shahada zangu za chuo hazikunisaidia kitu. Vijana wakaja kusukuma. Kabla hawajaanza nilishuka, nikazunguka nyuma, nikagonga buti mara mbili, nikasikiliza. Wakatazamana. Mmoja akauliza kwa adabu, "Mama, umebeba kuku?" Nikamwambia hapana, ni mazoea tu.

Mazoea hayo, msomaji wangu, niliyapata hapo hapo nikiwa mtoto, wakati wa utawala wa wanajeshi. Nyumba ya bibi ilikuwa chini kidogo ya barabara, upande ambao maji hupenda kukimbilia. Mvua ikinyesha, watu wazima walipandisha magodoro juu ya meza, na sisi watoto tulifurahi, maana magari yangekwama. Kusukuma magari ndiyo iliyokuwa kazi yetu. Tulirudi na tope hadi kwenye nyusi, mwenye gari ametununulia kabalagala za moto, yale maandazi ya ndizi na unga wa muhogo. Bibi alitugombeza huku akinyoosha mkono aonjeshwe. Sukari ilikuwa imepotea madukani. Utamu wetu ulikuwa huo.

Asubuhi moja likakwama gari jeusi, ndani yake wanaume waliovaa miwani ya jua siku ya mvua. Mmoja alitoa kichwa dirishani akasema, "Sukuma." Nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya kuombea chumvi. Barabarani kilikuwa lugha ya amri.

Tukaweka mikono kwenye buti. Kitu kikagonga kutoka ndani, chini ya viganja vyetu, taratibu, kama mgeni anayebisha hodi bila haraka. Mke wa fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuwa amesimama mlangoni pake. Mumewe alikwenda sokoni Nakivubo kununua nyuzi jana yake, na hakuwa amerudi. Akasema, wala si kwa sauti kubwa, "Baba watoto?"

Kugonga kukaongezeka.

Yule wa dirishani akarudia, "Sukuma." Tukasukuma, wakubwa kwa wadogo. Gari likatoka vizuri. Siku hiyo hakuna aliyekula kabalagala.

Majirani wakaamua bibi ndiye aende polisi. Askari walizungumza Kiswahili, na bibi alizaliwa nacho, kwa babu zake waliofuata biashara kutoka pwani. Wakaamini kwamba mtu hafukuzwi kwa lugha yake mwenyewe. Alivaa kanga yake ya Idi, akanishika mkono. Tukamkuta askari wa zamu akimenya chungwa.

"Mwanangu," bibi akamwambia, "ndani ya buti la gari mna mtu. Anagonga."

"Labda ni spea tairi, mama."

"Tairi haliitiki likiitwa."

Askari akaacha kumenya. Akanitazama mimi, kisha mlango. "Hiyo gari iko wapi sasa?"

"Imeondoka. Ilikuwa imekwama."

"Nani alisukuma?"

"Sisi."

"Basi. Ilikwama, mumesukuma, imeenda. Sasa shida iko wapi?"

Akampa bibi nusu ya chungwa, akasema anirudishe nyumbani, tusipite barabara kubwa. Bibi alinipa lile chungwa. Nilikula. Lilikuwa tamu.

Mke wa fundi alikuwa akitusubiri penye mfereji. Bibi alimwambia, "Wamesikia," akaingia ndani kuwasha jiko.

Fundi hakurudi. Cherehani yake ilibaki imefunikwa shuka. Mvua zilizofuata, kila gari lilipokwama mkewe alifika kabla yetu, akagonga buti mara mbili, akaweka sikio, ndipo akatuambia, "Haya, sukumeni." Madereva walidhani ndivyo gari linavyosukumwa Bwaise, na wengine walicheka. Tukaiga. Ikafika mahali hakuna mtoto aliyesukuma bila kugonga, na wadogo zetu hata hawakujua sababu. Sisi tuliojua hatukuwaeleza.

Siku hizi penye nyumba ya bibi pana ghala la saruji. Mke wa fundi alihamia kwa ndugu zake, na aliyekwenda na cherehani simjui. Kabalagala bado zinauzwa, ndogo kidogo.

Wale vijana walinitoa matopeni. Nilipotazama kwenye kioo walikuwa wameshahamia gari lililofuata. Yule wa kuku akagonga buti mara mbili, akacheka na wenzake, wakasukuma bila kusikiliza.