Kimya Alichokifundisha Mwatumu

Mwatumu Bakiri alikuwa msusi, si mkunga, na kila aliyemwita mkunga alikemewa. Alitoka Tanga mwaka 2003. Kufikia 2015 alikuwa na viti viwili na kioo kimoja katika chumba cha mbele pale Jules Street, Malvern, si mbali na Pretoria, kati ya kiduka cha spaza cha Msomali na duka la fundi simu.

Kazi ya wajawazito ilimjia kupitia nywele. Wanawake wetu wakiingia mwezi wa tisa husuka mistari midogo, ili wamalize arobaini bila kuhangaika na kitana. Kwa hiyo Mwatumu alijua nani amekaribia kuliko waume zao. Siku moja mteja alishikwa na uchungu kitini, kichwa hakijaisha, na ndugu hana. Mwatumu akampeleka hospitali ya serikali mwenyewe, akamsemea kwa Kizulu alichokiokota kwa wateja. Tangu hapo wengine wakamfuata.

Aliyoyaona wodini hayapambiki. Nesi alimwambia mwanamke mwenye uchungu kwamba angefunga miguu kama anavyotakiwa sasa kufunga mdomo, asingekuwa pale. Mwingine aliulizwa kama kwao hakuna hospitali. Aliyelia alichapwa kofi la paja. Mwatumu akahitimisha kwamba anayelia ndiye anayeteswa, akatunga somo lake.

"Karatasi ziwe mkononi," aliwaambia akiwasuka. "Salimia kila mtu. Na usilie. Uma kanga, uma shuka, lakini sauti isitoke. Wakikuona una adabu watakuhurumia."

Kwa miaka mitatu hakuna mwanamke wake aliyechapwa, naye alijivunia hilo kupita kiasi. Hakujiuliza kwa nini mwanamke anayezaa adaiwe adabu na mtu aliyeajiriwa kumhudumia.

Juni 2018 alisuka wawili siku moja. Murielle, Mkongo wa Bukavu, alikuwa na mimba ya kwanza. Mumewe, Gaston, alikuwa mlinzi wa ghala Midrand. Kiti cha pili alikaa Najma, Mzanzibari, mimba ya tatu.

"Mama, na nikishindwa?" Murielle aliuliza.

"Kushindwa nini?"

"Kunyamaza."

Najma akacheka. "Mimi nitapiga yowe mpaka Pretoria wasikie."

"Utachapwa," Mwatumu alisema.

"Nichapwe. Kwani kofi linaua?"

"Huna haya. Mwige mwenzio."

Jumanne iliyofuata wote wawili waliingia wodi moja. Najma alipelekwa na mumewe alfajiri. Murielle alipelekwa na Mwatumu asubuhi, lakini wiki hiyo wasindikizaji hawakuruhusiwa, na mlinzi wa geti hakutaka maneno. Murielle aliingia peke yake, mfuko begani. Mwatumu alimwita kupitia nondo za geti.

"Kumbuka nilichokwambia!"

Murielle aligeuka, akatikisa kichwa kukubali. Yaliyofuata tunayajua kwa Najma.

Murielle alijifungua mtoto wa kike kabla ya saa sita mchana, bila sauti. Nesi akamsifu wodi nzima isikie: "Mwangalieni huyu. Mgeni mwenye adabu." Najma alipiga mayowe, akachapwa mara mbili, akaitwa mnyama. Lakini kila alipopiga yowe mtu alikuja, hata kama alikuja kumtukana, na aliyekuja alimwona.

Murielle aliwekwa kitanda cha ukutani. Kwenye saa nane Najma, ambaye naye alikuwa ameshajifungua, aliona midomo ya mwenzake imepauka. Halafu akaona shuka.

"Murielle! Ita nesi!"

Murielle alikuwa ameuma pindo la kanga. Akalitoa mdomoni. "Mama alisema tusipige kelele," alisema, akalirudisha.

Najma akaita yeye. Nesi akamjibu kutoka mezani bila kuinuka: "Wewe tena? Umeshazaa, nyamaza." Akaita tena, na tena. Hakuna aliyeamini, maana alikuwa amelia tangu alfajiri. Manesi walipopita na chai, damu ilikuwa imepita godoro na kufika sakafuni. Hapo walikimbia. Najma anasema walikimbia vizuri sana.

Malalamiko ya kifo cha Murielle waliyaandika Mwatumu na Gaston. Baada ya wiki sita wakaitwa ofisini, na Najma akiwa shahidi. Mkuu wa wodi, mwanamke mweusi mtu mzima kama Mwatumu, alifungua jalada.

"Imeandikwa hapa kwamba mgonjwa ametulia, hana malalamiko. Mtu anatoka damu kwa saa mbili na haiti? Nani alimwambia anyamaze?"

Najma akatazama sakafu. Gaston hakuwa akijua. Hakuna karatasi yoyote iliyotaja somo la Mwatumu, na angekaa kimya jambo lingepita.

"Mimi," Mwatumu alisema. "Nilimwambia anyamaze kwa sababu mnawapiga wanaolia."

Mkuu wa wodi aliandika. Mwatumu alikuwa akitazama kalamu: iliandika nusu ya kwanza ya sentensi, ikasimama. Jalada likafungwa.

Nje Gaston alimsubiri, mtoto kifuani.

"Tulikuita mama," alisema. "Mama!" Mwezi huo alimpeleka mtoto kwa dada yake Durban, na hajapita tena mbele ya duka lile.

Wapo wanaosema Mwatumu angenyamaza, hospitali ingebanwa. Wanakosea. Kimya ndicho kilichomuua Murielle, na kisingemtetea. Lakini kusema kweli hakumfutii Mwatumu kosa, na yeye mwenyewe hakuomba lifutwe.

Mwaka 2019 bado alikuwa akisuka wajawazito. Gaëlle, Mkongo mwenye mimba ya miezi minane, alikaa kitini akiona haya.

"Sema *ngiyopha*," Mwatumu alimwambia. "Ndiyo natoka damu kwa Kizulu. Sema kwa nguvu."

"Ngiyopha," Gaëlle alinong'ona, akacheka nyuma ya kiganja. "Mama, watu wa barabarani watasikia."

Mwatumu hakucheka. Alishika msuko mmoja karibu na ngozi, akauvuta kwa nguvu zake zote. Gaëlle akapiga yowe, na fundi simu akachungulia mlangoni.

"Eish, Mama! Unaniua!"

"Sauti hiyo hiyo," Mwatumu alisema, mkono bado umeshika nywele. "Sasa sema lile neno."