Mbio za Ambilike, kutoka Ipinda hadi Bomani

Nyumbani Pangani mnanijua kwa ubishi. Nikiambiwa maji yamechemka, hutia kidole. Basi nilipokuwa Mwaya, bandari ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, fundi cherehani mmoja, mtu wa pwani mwenzetu, aliniambia kwamba Ipinda kuna babu atakayeshindana mbio na mwanawe wa kumzaa. Boma la Wadachi lilitaka tarishi wa kupeleka barua kati ya ziwani na milimani. Waliojitokeza walikuwa wawili, baba na mwana, na atakayetangulia kufika bomani, juu milimani, ndiye atakayepewa mkoba wa barua.

Nilicheka. Nilipokuwa chuo kikuu huko Ujerumani, mwalimu mmoja wa tiba alitufundisha kwamba moyo wa mtu aliyepita miaka arobaini haufai tena mbio ndefu. Nikafunga mzigo wangu kwenda kumwona babu huyo akishindwa.

Kutoka Mwaya hadi Matema nilipanda mtumbwi wa wanawake wawili wa Kikisi. Walikuwa wameuza vyungu vyao vyote na sasa walirudi kwao na mchele na ndizi.

"Unamtafuta Ambilike?" aliniuliza mmoja. "Yupo kwetu wiki hii, anakimbia mchangani. Lakini hutamkuta ameketi."

Matema milima imeshuka mpaka karibu na maji, na kati yake na ziwa pamebaki ukanda wa mchanga. Nilisikia njuga kabla sijamwona mtu. Alikuja akikimbia polepole, ndevu zina mvi, miguu myembamba, njuga zimefungwa vifundoni kama mcheza ngoma.

"Mugonile, tata," nilimwamkia kwa Kinyakyusa changu kidogo.

Alifurahi, akasimama. Nikamweleza habari za mwalimu wangu.

"Huyo mwalimu mwenyewe hukimbia?" aliuliza.

"Hapana. Ni mnene."

"Basi moyo alioupima ni wa nani?"

Mimi ninayetia kidole kila mahali, maneno yale niliyaandika bila kumwuliza mwenyewe ameyajuaje.

Tukakaa, akanisimulia. Zamani, boma lilipokuwa bado ufukweni, yeye ndiye aliyechukua barua. Kisha wanawe wakakua. Desturi ya Wanyakyusa ni kwamba wana wakishakua, baba zao huwakabidhi nchi na kujitenga. Wana hujenga kijiji chao, wazee wakabaki na chao.

"Tukakabidhi, nikakaa," alisema. "Miaka minane. Nikawa nasimulia mbio zangu kama mtu anayesimulia habari za marehemu. Siku moja nikagundua kuwa marehemu mwenyewe ni mimi."

Siku ya kwanza ya kuanza tena alikimbia mpaka mwisho wa migomba yake, akatapika. Mkewe akaja na maji na kigoda. "Baba Lugano," akamwambia, "kigoda nikuwekee hapahapa, au utajikokota mpaka nyumbani?" Kesho yake alifika migomba ya jirani.

Nikamwuliza kuhusu njuga. Alisema ni kwa ajili ya wakwe zake. Hapa mwanamke hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, wala hakutani naye njiani. Mzee akitembea hukohoa, naye mkwe hupata nafasi ya kujitenga kando. Lakini mzee anayekimbia hufika kabla ya kikohozi chake. Aliwahi kumtokea Subilaga, mke wa Lugano, mwanawe yule wa kushindana naye, penye kona, na binti wa watu akajitupa mtaroni pamoja na mzigo wake.

"Na mkionana hutokea nini?" niliuliza.

"Sijui."

"Hujajaribu?"

"Mgeni, jambo la namna hiyo halijaribiwi kwa gharama ya mtoto wa mwenzako."

Siku ya tatu tulitembea hadi Ipinda. Rika lake walikuwa wameketi kwenye pombe, na walipomwona mmoja akapaza sauti: "Ambilike! Ukifika bomani, tusalimie Wadachi. Ukifia njiani, tusalimie waliotutangulia!" Wakacheka mpaka pombe ikamwagika. Yeye alicheka nao, lakini hakunywa.

Jioni akaja Lugano kutoka Busale, kijana mrefu mwenye adabu. Alichutama kumwamkia baba yake, kisha akasema, "Baba, hujachelewa kuacha."

"Nawe hujachelewa kuanza," alijibu baba.

Kwa kuwa mimi sikuweza kukimbia nao, asubuhi ya kesho yake nilitangulia Busale, penye gogo linalovusha watu kijito. Huko nikalala kuingoja siku ya mbio. Usiku ule mvua ilinyesha. Kulipokucha kijito kilikuwa kimefurika na gogo lilikuwa na utelezi.

Lugano alifika wa kwanza, akavuka kwa hatua nne, akapotea kilimani. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Mara mwanamke akatokea ng'ambo, upande alikoelekea Lugano, mtoto mgongoni, kapu la viazi kichwani, akapanda gogo. Alikuwa katikati niliposikia njuga migombani. Naye alizisikia. Akaganda. Nikajua kwamba ndiye Subilaga.

Ambilike alitokeza, akaona, akageuka papo hapo, akarudi nyuma ya mgomba na kutupa mgongo.

"Pita, mzee!" nilimpigia kelele. "Lugano anakwenda!"

"Mgeni," alisema bila kugeuka, "mwambie aliye kwenye gogo asiharakishe. Pana utelezi."

"Amekusikia mwenyewe!"

"Mwambie!"

Nikamwambia. Yule mwanamke alikuwa akilia. "Mwambie anayengoja kwamba sikujua," alinijibu. "Mume wangu amepita sasa hivi. Watu watasema nimeziba njia kusudi."

Nikapeleka maneno, huku nikijiona kichaa, kwa maana wote wawili walisikizana vizuri.

"Mwambie aangalie mguu wake, si midomo ya watu," alisema Ambilike.

Nilikanyaga gogo mwenyewe, nikamshika mkono, tukavuka hatua kwa hatua hadi upande wetu. Alipokwisha kuingia vichakani, Lugano alikuwa mbali sana. Ambilike alivuka, akaanza kupanda kwa hatua fupifupi, hana hasira, kama mtu anayepanda kwenda shambani kwake.

Nikawafuata kwa miguu, nikiuliza kila nyumba. Ya kwanza wakaniambia, "Kijana amepita kama paa. Njuga zilikuja baadaye sana." Juu zaidi mzee mmoja akasema, "Kijana alipita, na kabla sijamaliza kuvuta kiko zikaja njuga." Karibu na kilele nilimkuta mama akilima. "Nilisikia njuga," alisema. "Baadaye akaja kijana, anatembea."

Mimi ni mtu wa pwani na mapafu yangu ni ya pwani, lakini hapo nilikimbia.

Alasiri nilifika bomani, kwenye baridi. Lugano alikuwa ameketi ngazini, miguu ndani ya ndoo ya maji.

"Yuko wapi?"

"Ameshateremka na barua, kwa njia ya ng'ombe. Hakuketi hata kidogo."

"Alikupitaje?"

Akacheka. "Alinikuta nimeshika magoti. Akaniambia, 'Pumua kwanza, mwanangu.' Nikatii, nikapumua. Naye akaenda zake."

Kesho yake tulirudi pamoja mpaka Busale. Subilaga hakuwa ametoka nje tangu jana yake, kwa kuogopa maneno. Alisimama mlangoni akamtazama mumewe usoni.

"Sema."

"Baba amenishinda."

"Kweli, au unanifariji?"

"Nani atajisingizia kushindwa na babu wa mtoto wake?"

Subilaga akapiga vigelegele, majirani wakakimbilia uani. Akawasimulia yote mwenyewe, gogo, viazi, machozi na yote: "Alinisubiri mimi nivuke, na bado akamwacha huyu!" Kila aliyefika alisimuliwa upya, na Lugano, badala ya kuona haya, alikuwa akiongeza pale mkewe alipopunguza.

Ndugu zangu, sijaacha ubishi, na ile desturi ya wakwe bado nina maswali nayo. Lakini nilijifunza jambo Busale. Nilidhani mtu hupimwa kwa anavyokwenda tu. Yule nilimwona akisimama, wakati kila hatua ilikuwa mali, wala kusimama kule hakukumpunguzia kitu.

Wakati wa kuaga nilimwuliza Subilaga kama hamwonei uchungu mumewe.

"Uchungu wa nini?" alisema, akimtazama Lugano kwa fahari. "Bado mdogo huyu. Akizeeka atakuwa na mbio."