Cheti cha Tabia Njema, Nakala Mbili

Mwaka ule nilikuwa sikai. Ukinikuta asubuhi kwenye baraza ya bibi, saa sita ungenikuta kwenye senyenge upande wa uwanja wa ndege, na alasiri nimerudi barazani nikiwa nimeshauzunguka mji wote wa Palma, kusini kidogo mwa mto Ruvuma, mara mbili kama mtu aliyepoteza ufunguo. Na mji wenyewe haukuwa na pa kuzunguka. Tangu vita vya uhuru vishike kasi, wanajeshi wa Kireno walikuwa wametuzungushia waya, wakaleta na watu wa Pundanhar na vijiji vya bara wakawapanga humo humo kwa mistari. Kutoka langoni kwenda shamba kulitaka karatasi. Kwenda Mosimboa kulitaka karatasi, na kungoja msafara wa malori ya jeshi, na kumwomba Mungu njia nzima isiwe na bomu la kutegwa.

Nilikuwa nimemaliza liseu, sekondari ile ya Wareno kule Porto Amélia, hadi mwaka wa saba. Kwa mtu wa rangi yangu hilo lilikuwa jambo la kunyooshewa kidole, na kweli nilinyooshewa, na wengine kwa fahari, na wengine kwa kujiuliza nimepitia mlango gani. Nilitaka kusomea udaktari. Kwenye barua za maombi niliandika kwamba ninataka kuwatibu watu wangu, kwa Kireno kizuri chenye koma mahali pake. Ukweli ni kwamba nilitaka kuondoka. Waya ule ulinikaba roho, na kila ndege ya posta ilipopaa bila mimi nilikasirika siku nzima, nikamjibu ovyo kila aliyenisalimia.

Milango ilikuwa miwili. Wa kwanza ni chuo kikuu cha Lourenço Marques, mji mkuu, kusini kabisa, ambako wanafunzi weusi ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na bado ukabakiwa na vidole vya kushikia kalamu. Wa pili ni chuo cha zamani sana huko huko Ureno, ambako hata watoto wa wazungu walirudishwa. Mwalimu wangu wa hisabati aliniambia niombe kote kuwili, na nikaomba kote kuwili. Kila chuo kilitaka cheti cha kuzaliwa, matokeo ya mitihani, picha ya kifua, na cheti cha tabia njema kutoka kwa mtawala wa wilaya.

Hicho cha mwisho ndicho kilichonitoa jasho. Baba yangu alikuwa ng'ambo ya Ruvuma. Alikwenda kwenye mashamba ya mkonge vita havijawa hata fununu, akaoa huko, akabaki. Lakini faili la ofisini halikusema alikwenda kwenye mkonge. Lilisema yuko Tanzania, na wakati ule, wapiganaji wa uhuru wakitokea huko, neno hilo moja lilitosha kumfanya mtu aulizwe maswali akiwa amesimama. Wiki tano nilikaa kwenye benchi la ofisi ya mtawala. Karani wake, ambaye ndiye pia mkalimani, alikuwa Mkristo mwenyeji wa Mbau, mpole ila hodari wa masihara.

"Mpwani, umekuja tena?" alikuwa akiniuliza kila asubuhi. "Benchi hili nitakuandikia jina lako."

Jumatatu moja mtawala akatia saini. Nakala mbili, moja ya mji mkuu na moja ya Ureno, zimeandikwa kwa mwandiko wa karani, wino wa buluu, zimepigwa muhuri wa zambarau. Ndege ya posta ilikuwa inakuja Alhamisi saa nne, na hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kwangu. Ya wiki ya pili ingekuta maombi yamefungwa kote kuwili. Nilizipeleka karatasi zangu nyumbani nimezishika kwa mikono miwili, nikampa bibi aziweke kwenye kasha lake, kwa sababu hakuna kitu kilichowahi kupotea ndani ya kasha lile.

Bibi alikuwa mama yake baba. Ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, na aliniita mume wangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. Mume wangu njoo ule. Mume wangu, unanizungukazunguka mpaka kichwa kinaniuma, kaa chini. Ujanani aliwahi kufua nguo kwa Mreno mmoja mwenye kantini, miaka mingi tu, lakini sikuwahi kumsikia akitamka hata neno moja la Kireno.

Katika nyumba yake hakuna aliyesafiri bila kunywa kombe. Nilipokwenda liseu mara ya kwanza nilikunywa, na kabla ya kila mtihani mkubwa nilikunywa. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, bibi akaziosha kwa maji na marashi ya waridi, nami nikanywa hadi tone la mwisho, maneno yakaingia mwilini. Ladha yake naijua kama ninavyoijua ladha ya uji.

Alhamisi ile, jua limechomoza tu, bibi alinijia barazani na bakuli.

"Bismillahi, mume wangu. Usiache kitu."

Nilitazama ndani. "Mbona ya buluu?"

"Zafarani itapita wapi, na njia zote zimefungwa? Kunywa, ndege isikuache."

Nikanywa kwa mkupuo mmoja, huku mguu mmoja uko nje. Yalikuwa marashi, na nyuma ya marashi kitu kichungu kichungu kama msumari. Nilifuta mdomo, nikaenda kufungua kasha.

Karatasi zangu mbili zilikuwa zimetandazwa juu ya kanga zake, bado zina unyevu, zimeanza kujikunja pembeni. Zilikuwa nyeupe. Muhuri tu ndio uliobaki, doa la zambarau kwenye kila moja. Nilisimama pale nikiwa nimefungua mdomo, na mdomoni bado nina ile ladha.

"Bibi, umefanya nini?"

Alikuja akasimama kando yangu, hana wasiwasi hata chembe. "Mwalimu hayupo, si unajua? Kavuka mto na wanawe wote. Sahani ninayo, wa kuniandikia sina. Basi nikawaza, maandiko yamo humu ndani. Wewe mwenyewe uliniambia karatasi hii ndiyo inayofungua milango. Imesemwa na mkubwa, imepigwa muhuri. Nimeyatia ndani yako, pasipoibiwa."

"Karatasi ni ya kupeleka! Inatakiwa ifike kule!"

"Kwani anayekwenda kule si wewe?"

Nilipiga kelele. Nilimwambia amenimaliza. Nilimwambia bora angenitia moto. Nilipiga kasha teke, na majirani walitoka kuangalia. Yeye alikuwa akikunja kanga zake moja moja, na mimi hilo halikunizuia. Nilitoka mbio kwenda ofisini.

Karani alinisikiliza akiwa ameshika kalamu hewani. Alianza kucheka, akaacha.

"Usimwambie mtawala kwamba vimepotea," alisema. "Vyeti viwili, vya mtu ambaye baba yake yuko ng'ambo, vipotee? Utaulizwa umempa nani akavitumie porini, na atakayekuuliza hatakuwa mimi. Sema kweli."

"Nimwambie nimevinywa?"

"Mlete bibi. Na hizo karatasi pia."

Nikarudi mbio. Bibi aliinuka pale pale. Alivaa buibui lake la sikukuu, akazishika karatasi mbili kifuani, akanifuata. Nilitembea hatua kumi mbele yake, nasimama, nangoja, natembea tena. Ilikuwa saa tatu kasoro.

Mtawala alikuwa anakunywa kahawa. Karani alimweleza kwa Kireno, na mtawala alicheka hadi akakohoa. Alimwita luteni mmoja aliyekuwa chumba cha pili aje aone. Walizishika karatasi kwenye mwanga wa dirisha, wakazinusa. Luteni aliniuliza kama nilihitaji sukari. Bibi alisimama wima katikati ya chumba, macho yake yanatazama ukutani, na mimi nilitamani sakafu ipasuke, ila sikutamani hivyo kwa ajili yake. Nilitamani kwa ajili yangu.

Kisha mtawala akaacha kucheka.

"Wewe unataka kuwa daktari," alisema. "Siku mgonjwa akikujia, utamnywesha wino? Nitawaambiaje wale wa chuo kikuu kwamba nimewapelekea mtu mstaarabu? Niambie. Unaamini mambo haya?"

Nilikuwa nimekunywa kombe maisha yangu yote. Kama ningeulizwa na mtu mwingine, mahali pengine, ningesema sijui, au ningesema naamini kidogo siku za mtihani. Lakini nje, juu ya bahari, nilisikia mngurumo. Ndege ilikuwa imewahi.

"Hapana, senyor," nilisema. "Mimi sikujua ninachokunywa. Huyu ni *uma velha ignorante*."

Bibi kizee mjinga. Mtawala angeridhika na hilo, nililiona usoni pake. Hakuniomba zaidi. Lakini mimi, na hili ndilo linaloniuma hadi leo, niliendelea. Nilisema watu wa kwetu ndivyo walivyo, hawasikii, hawasomi, na ndiyo maana ninaomba kutoka, nisifanane nao. Nilisema kwa Kireno changu kizuri, na kila koma ilikuwa mahali pake.

Mtawala aliniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mwanafunzi aliyepatia hesabu. Akamwambia karani aandike. Karani aliandika ameinamisha kichwa, nakala ya kwanza, nakala ya pili, bila masihara, bila kunitazama.

"Anasemaje huyu mume wangu?" bibi alimwuliza kwa sauti ndogo.

Karani aliweka kalamu chini. "Anakuombea radhi, bibi."

"Ahsante," alisema bibi.

Nje, kwenye ukumbi wa ofisi, nilikuwa ninatia karatasi kwenye bahasha kwa pupa, kila bahasha nusura niichane. Bibi aliinyooshea kidole ile ya juu.

"Sikuwahi kukuuliza. Imeandikwa nini hiyo?"

"Kwamba nina tabia njema," nilisema. "Na kwamba ninawaheshimu wakubwa wangu."

"Na hiyo nyingine?"

"Hivyo hivyo."

"Basi kimbia," alisema. "Usiikose."

Nilikimbia. Sikuikosa. Niliporudi nimeloa jasho, nimefurahi kama mwendawazimu, nilimkuta amekaa barazani anachambua mchele. Nilimwambia zimekwenda. Akasema alhamdulillahi, na akaendelea kuchambua.

Ureno walinikataa baada ya miezi mitatu, kwa mistari miwili. Mji mkuu wakanikubali. Barua ilipofika nilizunguka mji mara nne, na hata sipai, yule askari mweusi wa langoni, alinipa mkono. Karani aliniambia hongera, lakini hakuniita mpwani. Bibi naye alikuwa ameshaacha kuniita mume wangu. Sikumbuki aliacha siku gani. Nilijiambia ni uzee, au ni uchungu wa kuachwa peke yake, kwa sababu nilihitaji iwe hivyo. Aliniita mwanangu, na wageni wakiwepo aliniita dotori, daktari ya Kireno. Wageni walicheka, wakidhani ni utani.

Asubuhi ya kuondoka niliamka mapema, nikavaa suruali mpya na viatu, nikakaa mkekani barazani. Nilikuwa ninangoja bila kujua ninangoja nini. Nilimsikia ndani akisogeza vyombo. Nilinusa hewa kutafuta marashi. Alipotoka alikuwa na kikombe cha chai na mihogo ya kuchemsha kwenye sahani nyeupe, ile ile.

"Leo kombe hakuna?" niliuliza, nikijitia kucheka.

"Mwalimu hajarudi."

"Hata wino tu, bibi. Barua ya chuo ninayo hapa, ina wino tele. Ioshe, ninywe."

Nilikuwa ninataka kweli. Ningeinywa barua ile mbele yake, mbele ya mtawala, mbele ya luteni na mtaa mzima. Niliitoa mfukoni, nikamnyooshea. Hakuipokea. Alikaa kwenye ukingo wa mkeka, akanisogezea sahani, akanitazama kwa muda mrefu bila hasira, na ningependa ingekuwa hasira.

"Mimi nijue nini cha kukupa, dotori?" alisema. Kisha akasema kwa Kireno, polepole, kwa matamshi yaliyonyooka kuliko yangu, ya mtu aliyekaa miaka mingi nyuma ya nyumba ya Mreno akifua na kusikiliza kila kitu. "*Sou uma velha ignorante.*"

Juu ya bahari ndege ilikuwa imeanza kunguruma. Alininyanyulia kikombe, akanitia mkononi.

"Kunywa chai yako," alisema. "Itapoa."