Luga yangu kwa barière ya Mubi

Leo luga niliyoitunga ilitaka kuniua.

Kwa barière ya Mubi, kizuizi ya njiani, askari alisimamisha pikipiki yangu, akafungua kaye yangu, daftari yenye sauti na kanuni nilizojenga kwa mufano wa Kibretoni, luga ya kule Ufaransa.

«Hii ni code. Nani anaisemaka?»

«Ni mimi peke, kaka.»

(Mujinga mimi!)

«Basi njo siri kabisa. Shuka ku pikipiki!»

Nikashuka.

Mama mumoja muuza mawese kando ya barabara, mwenye sijue hata jina yake, akasema: «Papa, ile ni luga ya maombi. Hata miye naiombaka.»

Akafunga macho, akatunga maneno yake mwenyewe kwa sauti kubwa.

Askari akatoa kofia. «Amina. Mupite.»

Sasa wasemaji tuko wawili.

Lakini kaye, askari alibakia nayo, na jina yangu iko ku ukurasa ya kwanza.

Weye ungerudi kuiomba?