Kilimanjaro baada ya watu kuondoka: likizo yangu ya ukweni Marangu, miaka ya hamsini

Wakuu, salaam. Wenye shikamoo zao nawaitikia kabisa, marahaba, maana nadhani humu ndani wa kunizidi umri ni wachache.

Nimesoma uzi wa kijana mmoja analalamika. Kaenda Kilimanjaro Desemba, kakuta msongamano, vyumba vimejaa, na mlima wenyewe hakuuona.

Nikacheka peke yangu. Hayo yalinipata mimi kabla nchi haijapata uhuru. Naleta yangu kama yalivyokuwa, bila chumvi, kwa sababu mkwe wangu ameshatangulia na sipendi kumsingizia marehemu.

Mimi ni Msukuma wa Tinde, Shinyanga. Niliolewa na Aminieli, Mchagga wa Marangu, fundi mitambo kwenye mgodi wa dhahabu kule Geita. Ndoa ilifungwa huku kwetu. Kwao ni mbali, hakuja hata mmoja.

Krismasi ya kwanza akanipeleka nikaonyeshwe.

Wakuu, msifikiri Wachagga kurudi kwao Desemba ni mambo ya juzi. Waliokuwa migodini, reli, mashambani kwa wazungu, wote walikuwa njiani. Mvua inanyesha, basi linakwama, abiria tunashuka kusukuma kwenye matope, tunapanda tena. Kufika, nyumba imejaa mpaka mlangoni. Wanawake tulilala chini tumepangana kama kuni.

Mimi nilipewa kisu nikamenya ndizi. Nikamenya, nikamenya. Nilikuwa nimebeba michembe kutoka kwa mama yangu, vile viazi vitamu vya kukausha. Wakaipitisha mkono kwa mkono wakiuliza kama ni dawa.

Mlima? Mawingu tupu.

Siku ya kuondoka nikaenda kumuaga mama mkwe. Akaniangalia vizuri, halafu akauliza kwa upole kabisa, "Wewe ni mke wa nani vile?"

Hakuwa na ubaya. Wakwe walikuwa wengi, na watoto, na wageni. Lakini niliyameza yale maneno nikarudi nayo mpaka Geita.

Likizo iliyofuata ilipokaribia, nikamwambia Aminieli, "Safari hii tusiende na watu. Twende wao wakirudi."

Akashtuka. "Minza, Krismasi nile hapa kambini, kama yatima?"

"Utakula ubwabwa wangu. Mwezi wa kwanza twende kwa mama yako, si kwa ukoo mzima."

Alinuna, nisiwadanganye. Wenzake kambini wakamtania kwamba Msukuma kamkataza kwenda kwao. Ila nyapara alifurahi sana, maana Desemba kila mtu alikuwa anaomba ruhusa na yeye alihitaji fundi.

Basi Januari tukatoka. Lori mpaka Shinyanga, halafu basi la Singida na Arusha. Wakuu, nilikaa dirishani! Barabara imekauka, mizigo yetu iko miguuni, hakuna mtu kakulalia begani. Mabasi ya kutoka kule tulipishana nayo yamejaa pomoni, na Aminieli kwa mara ya kwanza akacheka. Akasema, "Ona wenzetu."

Tulipofika Marangu nilidhani tumekosea kijiji. Kimya. Unasikia maji ya mfereji tu. Mama mkwe alikuwa peke yake na ng'ombe wake mmoja, maana wenzetu wale wanafuga ndani na kumkatia majani. Mimi nimekulia kwenye boma la baba lenye ng'ombe wengi hata kuwahesabu hatuhesabu, nikamwonea huruma yule mmoja amesimama gizani.

Asubuhi yake nikatoka nje kunawa uso. Nikainua macho.

Ulikuwa pale! Mweupe, mzima, hakuna hata wingu, umekaa juu ya migomba kama donge la ugali lililopakuliwa sasa hivi. Nilisimama na maji mkononi mpaka yakaisha yote.

Tukawa tunakwenda na mama kukata majani juu karibu na msitu. Kiswahili chake kidogo, Kichagga changu hakuna, lakini tukielewana. Michembe nilimpikia, nikaichanganya na maziwa. Akala, akanyoosha bakuli tena.

Sasa kisa chenyewe.

Siku moja Aminieli na jirani walikwenda soko la Himo. Mchana ng'ombe akashikwa na uchungu. Tukangoja. Akasukuma, akasukuma, ikatoka kwato moja na ncha ya pua, basi, ikaishia hapo. Ng'ombe akalala chini, macho yamegeuka.

Mama akatoka uani kuita majirani. Hakuna aliyeitikia. Wale vijana wote wa Krismasi walikuwa wamesharudi makazini. Huo ndio ubaya wa kukimbia watu, wakuu. Siku unapowataka, hawapo.

Akarudi peke yake. "Atakufa huyu. Ndiye maziwa yangu, ndiye mbolea ya kahawa yangu."

Nikasema, "Mama, niletee maji ya vuguvugu na sabuni."

"Uingize mkono? Wewe mkwe wa watu? Ngoja wanaume."

"Wanaume wako Himo, mama."

Kwetu mimi ni mtoto wa kwanza, na wadogo zangu wa kiume walichelewa kuzaliwa. Kwa hiyo baba alinifundisha kazi za boma zote. Alikuwa akisema, "Usishindane na ng'ombe. Akisukuma, tulia. Akipumzika, ndipo ufanye kazi."

Nikafunga kanga vizuri, nikapaka sabuni mpaka begani, nikalala ubavu kwenye majani. Nikapapasa. Mguu mmoja wa mbele ulikuwa umekunjika nyuma.

Nikamrudisha ndama ndani taratibu ili nipate nafasi. Nikaufuata mguu mpaka kwato, nikaifunika kwa kiganja isije ikamchana mama yake. Kila akisukuma, mkono wangu unabanwa mpaka ganzi. Niliogopa, tena sana. Nikifikiri, akifa nikiwa nimemshika mimi, hapa sitakanyaga tena.

Mara mguu ukanyooka.

"Mama, njoo tuvute!"

Tukafunga miguu kwa kamba ya mgomba, tukavuta pamoja kila ng'ombe aliposukuma. Ndama akatoka kwa mkupuo mmoja, tukaanguka chali. Hapumui. Nikamtoa ute puani, nikamsugua kwa majani makavu, nikamtekenya pua kwa ujani.

Akapiga chafya.

Mama mkwe alikaa pale pale chini kwenye samadi, anacheka na kulia kwa pamoja. Akanishika mashavu kwa mikono yake michafu, na yangu ilikuwa michafu zaidi. "Minza," akasema. "Minza. Minza."

Aminieli aliporudi alikuta tunakunywa chai. Mama hakumwacha hata aketi, akamvuta mkono kwenda kumwonyesha ndama. Alikuwa jike.

"Anaitwa Shinyanga," mama akamwambia.

Na hakuwa anatania. Mwaka baada ya mwaka kila mgeni wa Krismasi aliambiwa kwa nini ng'ombe wa Marangu ana jina hilo. Mimi sikuwepo kusikia. Nilikuwa Geita, nangoja Januari yangu.

Funzo langu kwenu ni fupi. Ukitaka kuuona mlima na wenye mlima, waache watu waondoke kwanza. Utakosa shamrashamra, na ukipata shida utakuwa na mikono yako tu. Lakini watakujua jina.

Karibuni mchangie. Wakwe wa Kichagga mliomo humu, nyie mnakwenda lini? Na Wasukuma wenzangu, hivi mabinti zenu bado mnawafundisha boma?